Koo la Taratibu

Mtaani kwao hakuna aliyechungulia dirishani kujua nani anarudi nyumbani. Walisikiliza tu. Pikipiki ilipokata kona ya kisima, mke wa muuza mkaa alikuwa keshajua kama ni mumewe au ni jirani, na kama ni mumewe alijua pia kama siku imekwenda vizuri au atakuja amenuna, maana mwanamume mwenye hasira hubadili gia kama anavunja kuni. Watoto waliigiza sauti hizo kwa midomo, na mtu mzima aliyekuwa akipita aliweza kusema huyo ni mwalimu, huyo kinyozi, na huyo anayekohoa ni fundi bomba, Mungu amsaidie apate hela ya oili.

Yote hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwanzoni alikuwa mchomeleaji wa kawaida, wa mageti na nondo za madirisha. Siku moja akaletewa ekzosi iliyotoboka, akaiziba kwa kipande cha chuma kisichokuwa cha kazi hiyo, na pikipiki ikatoka pale ikiunguruma kwa namna ambayo wenye pikipiki wengine hawakulala usingizi kwa wivu. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamejipanga mlangoni kwake. Mageti akayapa kisogo.

Wateja walimwita Koo. Jina alijipa mwenyewe bila kukusudia, kwa ule usemi wake ambao kila aliyefika karakana ilibidi ausikie, atake asitake.

"Injini ni kifua," alikuwa akisema, huku akiigonga ekzosi kwa kifundo cha kidole. "Kifua kila mtu anacho. Lakini mtu akikuita gizani unamjua kwa kifua? Unamjua kwa koo."

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Alipasua ekzosi tumboni, akatoa matumbo ya kiwandani, yaani yale mabamba na mabomba ya ndani yanayomeza kelele, kisha akaweka bomba lake mwenyewe lenye tundu alizozitoboa moja moja, akachomelea, akasugua. Drili yake ilikuwa kuukuu, inayumba, na yeye alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo tundu zake zilikwenda upogo kama mvua inayosukumwa na upepo. Mafundi wengine walimcheka kwa tundu hizo. Hakuna aliyeweza kuziiga.

Alikuwa na masharti mawili, na kwa masharti hayo alikuwa mkaidi kuliko punda. Hakutengeneza sauti mbili zinazofanana, hata umlipe nini. Na koo alilokwisha kulifunga hakulifungua tena. Askari wa barabarani aliwahi kumwambia aipunguze makali pikipiki ya kinyozi, Koo akampa msumeno mkononi na kumwambia, "Kata wewe, afande. Mimi sikati mtu koo." Askari alicheka, akaondoka. Wazee wenye presha na akina mama wenye watoto wachanga hawakucheka. Mtu mwenye kichwa kinachouma asingekaa mtaa ule hata wiki moja, na walionung'unika walikuwa na haki yao. Koo hakuwajali. Alikuwa na maringo, na tusimtetee.

Sauti aliyoipenda kuliko zote alimtengenezea mpwa wake.

Kijana huyo alikuwa mtoto wa kiume pekee wa dada yake mkubwa, aliyeishi nyumba iliyoshikana na karakana. Kati yao kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Tangu ajue kutembea alikuwa anakimbia, na mtaa mzima ulikuwa ukimpigia kelele, "Taratibu! Taratibu!", mpaka likawa jina lake, na mama yake akawa Mama Taratibu. Baba yake alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha pikipiki, na ndiye aliyemkanya mwendo bila mafanikio yoyote. Taratibu alipopata pikipiki yake ya kubebea abiria, Koo alimkalisha dada yake kwenye kigoda katikati ya karakana. Akawa anatoboa tundu, anawasha, anamtazama. Anatoboa nyingine, anawasha, anamtazama. Dada alikuwa anakunja uso na kutikisa kichwa, mpaka ilipofika mahali akanyanyua mkono.

"Hapo," alisema. "Mwache hapo hapo."

Ilikuwa sauti iliyoanzia chini kabisa, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, halafu ikafunguka polepole. Ilikuwa nzito kiasi kwamba kijana alipokaribia nyumbani, vikombe vya kabatini kwa mama yake vilianza kulia kabla masikio hayajapata kitu. Mama Taratibu alilalamika kwa majirani kwamba mwanawe atamvunjia vyombo, na alilalamika huku meno yote yako nje.

Msimu wa mvua wa mwaka juzi, asubuhi, abiria mmoja asiyejulikana alitaka kuvushwa ng'ambo ya mto. Taratibu alimpakia. Mtaa ulimsikia akikata kona ya kisima, akapungua, akapungua, akaisha. Hakurudi. Walimtafuta hospitali, polisi, kwenye vijiji vya kando ya mto, kwa jamaa wa mbali ambao hata hakukumbukwa aliyewatembelea mara ya mwisho. Hakikupatikana hata kiatu.

Wengine wote walilia, kisha wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini, kwa yale maneno wanayotajiwa watu waliokwenda. Mama yake hakulia. Alikaa kusikiliza.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kitu cha kwanza alichokiacha kilikuwa cherehani, kwa sababu mlio wake ungeweza kumficha mtu anayekuja. Kisha akauza redio. Akaweka vitambaa chini ya vifuniko vya masufuria visigongane. Mlango aliutia mafuta, na maji aliyamimina kwa kuyatelezesha ukingoni mwa ndoo. Mgeni aliyeingia pale alijikuta ananong'ona bila kuambiwa. Katikati ya salamu, Mama Taratibu alinyanyua mkono, na wote wakanyamaza midomo wazi, wakasikiliza naye. Hakuna kitu. Upepo. Mbwa wa mbali. Aliushusha mkono, akasema, "Endelea, ulikuwa unasema," lakini hakuna aliyekumbuka alikuwa anasema nini. Wajukuu wake, watoto wa binti yake mkubwa, waliacha kuja kwa sababu bibi aliwaziba midomo kwa kiganja. Majirani wakapunguza miguu. Ukipita mbele ya nyumba ile mchana, jua likiwaka, watu wanauza nyanya hatua chache kutoka mlangoni, ulihisi umepita mbele ya mtu aliyebana pumzi.

Na Koo aliishi upande wa pili wa bati. Kila alipowasha injini kuijaribu, alijua kuna sikio limegeuka. Alipoizima, alisikia, au alidhani anasikia, mtu akishusha pumzi. Alianza kuiogopa kazi yake mwenyewe. Alikuwa anavuta mafuta mara moja tu, anazima haraka, kama mwizi anayejaribu ufunguo. Mkewe alimwambia anakonda. Alijibu kwamba ni joto la moto wa kuchomelea.

Alichokitaka kilikuwa kimoja: dada yake atoke kwenye nyumba ile. Aende akaishi kwa bintiye, penye televisheni isiyozimwa na watoto wanaopigana, kabla hajageuka kuwa sikio tupu. Alimsihi, binti alimsihi, naye kwa wote alikuwa na jibu moja: "Akirudi asinikute?" Lakini mwaka huu alianguka jikoni, akalala sakafuni mpaka Koo alipohisi kwamba kimya cha siku ile si cha kawaida. Baada ya hapo akakubali. Binti angekuja na gari Jumamosi alasiri kumchukua. Koo alijiwekea nadhiri kwamba Jumamosi hiyo hataungurumisha injini yoyote mpaka gari liondoke. Aliogopa kitu kidogo tu kingembadili mawazo.

Jumamosi asubuhi akaja muuza gesi.

Alikuwa kijana mnene, mchangamfu, anayesambaza mitungi kutoka ng'ambo ya mji, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika mtaani kwao. Pikipiki yake ilikuwa kimya cha kushangaza. Koo alikuwa ameinama kwenye boksi la vifaa ilipoingia, na hakusikia kitu cha maana, mvumo tu. Lakini vinyweleo vya mikono vilimsimama, na shingoni alihisi kama mtu amempulizia. Alidhani homa inamnyemelea.

"Fundi, pikipiki yangu ni bubu," muuza gesi alisema. "Nipe sauti. Watu wananikatishia njia, hawanisikii. Juzi nimemtokea bibi mmoja kwa nyuma, akanitwanga na mwavuli, akaniuliza kwa nini nanyemelea wanawake."

"Ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Mwavuli bado alikuwa nao."

Koo alicheka, akamwambia leo anatengeneza kimyakimya, kuna mtu wa familia anaondoka, asimharakishe. Muuza gesi akasema hana neno, akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Koo aliitoa ekzosi, akaibana kwenye jiliwa, akaipasua tumbo kwa msumeno wa mkono badala ya grenda yenye kelele, kwa ajili ya dada. Ilichukua muda. Bamba la juu lilipofunguka, ndani alikuta pamba ya chuma iliyoshindiliwa, na bamba jingine ambalo mtu amelichomelea vibaya, kwa haraka, kuziba njia ya sauti. Akalibandua. Nyuma ya bamba kulikuwa na tope lililokauka likawa gumu kama ukoko. Alilibonyeza kwa bisibisi, likamegeka, na katika vumbi lake vikadondoka vikonokono vidogo vyeupe vya mtoni, vitupu, vikatawanyika mezani.

Alivitazama bila kuelewa. Kisha akapangusa bomba la ndani kwa dole gumba, na tundu zikatokea. Zilikwenda upogo, kama mvua inayosukumwa na upepo.

Akasugua tena, kana kwamba kwa kusugua tundu zingenyooka. Aliujua mstari ule kama anavyoujua mwandiko wake. Alijua ni tundu ipi drili iliteleza, na ipi alitoboa wakati dada yake anatikisa kichwa, na ipi ilikuwa ya mwisho. Akatoka mlangoni, akamwashiria muuza gesi aje.

"Ekzosi hii uliitoa wapi?"

"Kwa wale wauza spea kuukuu wa kule daraja la zamani. Yangu ilioza na kutu, nikaokota hiyo kwenye rundo lao. Kwani mbovu?"

"Wao wanazitoa wapi?"

"Nani anawauliza? Wenyewe wanasema mto ukipungua unatema vyuma. Vijana wanaokota, wanasafisha, wanauza." Akautazama uso wa fundi. "Vipi, baba? Mbona umebadilika rangi?"

"Vyuma tu?" Koo aliuliza. "Hawaokoti kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Basi. Nenda ukamalize chai."

Alirudi ndani, akalichomoa lile bomba likatoka zima. Lilikuwa baridi, baridi kuliko chuma kinavyopaswa kuwa asubuhi ya jua. Bado lilikuwa na mchanga ndani. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, kama alivyokwisha kufanya kwa mabomba yasiyo na idadi, aliliweka mdomoni, akapuliza kuutoa ule mchanga.

Likaitika. Kidogo tu, chini kabisa, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Alilitoa mdomoni kama limemuunguza. Alisimama palepale, mchanga ukiwa kwenye midomo yake, akiwa ameganda. Upande wa pili wa bati, kiti kikasogezwa.

Hakuna hatua, hakuna mlango. Kiti tu, na baada yake kile kimya anachokijua. Koo alijiambia kwamba dada anafunga mizigo, na anayefunga mizigo husogeza viti. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Aliketi kwenye kigoda na bomba mapajani. Kwa hiyo ni mto. Kijana alikuwa mtoni muda wote ule, na sisi tunamsikilizia barabarani, aliwaza, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Alimlilia mpwa wake pale kwa mara ya kwanza kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Halafu akamfikiria dada. Gari lingefika alasiri. Saa moja ya sauti hii na asingeondoka kamwe: ama angeanguka palepale, ama angekwenda kukaa kando ya mto mpaka naye amalizike. Na muuza gesi angepita nayo mitaani kila siku, koo la marehemu kwenye kifua cha mgeni, likimpigia hodi kila mama anayesubiri mtu. Hapana. Haiwezekani. Dada aondoke leo, akae kati ya wajukuu, apate nguvu, halafu siku moja, polepole, ataambiwa.

Akalibana bomba kwenye jiliwa, akashika msumeno.

Hakuwahi kulikata koo lake mwenyewe, na mkono ulikuwa mzito. Alikata ncha, akakata tena, akalifupisha nusu nzima. Tundu za upogo akazipanua kwa drili, taratibu, kwa mzunguko wa mkono, mpaka zikaungana zikawa midomo mipana isiyo na mpangilio. Alikuwa akilia na kutoboa, akilia na kutoboa, na kamasi zikimchuruzika kama mtoto. Alipomaliza, akachomelea matumbo mapya, akafunga, akairudisha ekzosi kwenye pikipiki. Vipande alivyokata vilibaki sakafuni kati ya chengachenga za chuma. Alijisikia kama mtu aliyezika bila kumwita ndugu yeyote.

Alasiri ilikuwa imeingia, naye alikuwa akikaza nati ya mwisho, dada yake alipoingia.

Alikuwa amevaa nguo ya safari, viatu vya kufunga, na mkoba begani. Alikuwa amechana nywele. Muda mrefu Koo hakuwa amemwona dada amechana nywele.

"Mdogo wangu," alisema. Aliongea kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu mzima mwenye afya, na hilo lilimtisha Koo kuliko kama angenong'ona. "Gari liko njiani. Nimekuja kukuaga. Na nina ombi."

"Sema, dada."

Aliizunguka pikipiki, polepole, bila kuigusa.

"Asubuhi vikombe vililia."

Koo akakaza tena nati iliyokwisha kukazwa.

"Nilikuwa navifunga kwenye magazeti, vikalia mikononi mwangu. Nikasema, huyo. Nikafika mlangoni. Nikasikia mvumo, umezibwa, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni, lakini ni yeye. Na aliyeendesha siye yeye. Alibadili gia kwa woga. Nikarudi nikakaa. Nikafikiri sana, mdogo wangu. Mwanangu asingempa mtu pikipiki yake akiwa hai. Hata mimi alininyima." Akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo nimeelewa. Nimekubali, sikutanii. Nimekubali, na nitakwenda kwa binti yangu nikalie huko kama wanavyolia watu. Halafu baadaye kidogo nikasikia umelipuliza."

"Dada..."

"Sikuulizi limetoka wapi. Utaniambia siku nyingine. Mimi nataka kitu kimoja tu. Liwashe. Nimsikie mara moja amefungua mdomo, nimuage, niende."

Muuza gesi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akitazama huyu na yule, akaona afadhali asiulize.

Koo alishika usukani. Angeweza kusema injini imekufa. Angeweza kusema mafuta yameisha. Lakini dada yake alikuwa amekwishaketi kwenye kigoda kilekile, amefumba macho, mikono juu ya mkoba, na uso wake ulikuwa tayari. Akawasha.

Pikipiki ilipasuka kwa kelele. Ilikuwa sauti kali, ya juu, pana, kama mabati yanayoburutwa kwenye lami, sauti ambayo muuza gesi aliipenda mara moja na chai ikammwagikia. Koo alivuta mafuta, akavuta tena, akitafuta chini yake, popote, ile sauti ya mtu aliyefumba mdomo. Haikuwepo. Alikuwa fundi mzuri. Hakuacha kitu.

Alizima. Dada yake alikuwa bado amefumba macho. Kisha akayafungua.

"Siyo," alisema.

"Dada, sikiliza..."

"Siyo yeye." Alisimama. Kitu kilikuwa kinampanda usoni, na Koo alipokitambua alitaka kukimbia. Ilikuwa furaha. "Siyo yeye! Ee Mungu wangu, nilitaka kumzika mtu aliye hai! Basi sauti yake bado anayo. Anayo huko aliko."

"Ni yeye, dada," Koo alisema. Ilimtoka kwa nguvu. "Ni yeye. Ni koo lake, nimelikata mimi. Nimelikata leo asubuhi, nilitaka usilisikie, nilitaka uondoke salama. Lilikuwa mtoni. Lilikuwa na tope na konokono ndani. Taratibu yuko mtoni, dada, amekufa. Nimelikata kwa mikono yangu."

Dada alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kitu na kumsingizia paka.

"Wewe? Wewe ukate koo ulilolifunga? Hukumkatia askari mwenye pingu."

"Nimekata. Tazama." Alipiga magoti kwenye chengachenga, akaokota kipande, akakikung'uta, akamwekea kiganjani. "Tazama tundu. Zimekwenda upogo. Nani mwingine anatoboa hivi?"

Alikigeuzageuza, akakisogeza karibu na jicho. Alijitahidi kweli. Lakini hakuwahi kuitazama kazi ya mdogo wake hata siku moja, aliisikiliza.

"Ni tundu tu, baba," alisema, akamrudishia. "Najua unanipenda. Unataka niende nikapumzike, ndiyo maana unasema hivi. Sikulaumu. Lakini masikio yangu hayajazeeka."

"Na vikombe? Umesema vikombe vililia."

"Labda lori lilipita."

Nje, gari lilipiga honi. Binti alishuka akicheka, amevaa vizuri, watoto wawili wakimtangulia mbio kuelekea karakana wakimwita bibi. Mama Taratibu alinyanyua mkono, na watoto wakasimama palepale, mguu mmoja mbele, midomo wazi. Alisikiliza kidogo. Kisha akaushusha.

"Rudini nyumbani, wajukuu zangu," alinong'ona. "Bibi haendi leo. Mama yenu nitaongea naye."

Alivua viatu pale pale mlangoni, kimoja, kingine, visije vikagonga sakafu akiingia kwake, akavishika mkononi. Alipofika kwenye kona ya ukuta wa mabati aligeuka, akamwita mdogo wake kwa kidole. Koo alimfuata, mikono ikiwa bado na vumbi la chuma.

"Mimi nachoka siku hizi," alimwambia sikioni. "Naweza kupitiwa na usingizi mchana. Wewe una masikio mazuri kuliko wote, wewe ndiye uliyemtengeneza. Ukimsikia kabla yangu, uniite."

Koo alimtazama.

"Nitakuita, dada," akasema.